Pale Kisu Kinapofika

Vijana wa kambini kwetu wakishashiba, huanza kupiga chuku za shabaha. Mmoja atasema aliwahi kumwangusha fisi kutoka mita mia tano, mwenzake amwongezee mia tatu papo hapo, na wa tatu atoe simu awaonyeshe mzungu fulani kalala kifudifudi juu ya mlima, anampiga mnyama aliye mlima wa pili. Hapo ndipo hunigeukia mimi, kwa kuwa ndimi mkongwe wao na mwanamke pekee, waniulize: Koplo, hebu tukatie shauri, mbali ni wapi? Ikifika mita ngapi ndipo tuseme huyu kapiga mbali?

Zamani ningewajibu kwa mita. Nilifundishwa, nikafanya mtihani, nikafaulu. Mkufunzi wetu alisema kwa bunduki hizi tunazobeba, ukivuka mita mia tatu unabahatisha tu, na mnyama hastahili kubahatishwa. Siku hizi huwaambia wanyamaze wakaoshe masufuria. Si kwamba jibu sina. Ninalo. Nilipewa na mzee mmoja wa Kisomali aliyekuwa ameketi kando ya nyati aliyechinjwa, kisu bado mkononi, na jibu lenyewe sijawahi kulipenda.

Mimi ni mtu wa pwani, kwetu ni upande wa Lamu, na kazi yangu ni uaskari wa wanyamapori. Miaka ile ya ukame mkali nilikuwa nimepangwa kwenye kikambi kidogo upande wa Kotile, penye mahema matatu, gari moja na redio inayokohoa. Kazi yetu ilikuwa kuzuia uwindaji, ambao sheria ya Kenya ilishaupiga marufuku kabla mimi sijazaliwa, na kushughulikia wanyama wanaoudhi watu. Karibu nasi palikuwa na bulla, ndivyo huku wanavyoviita vitongoji, yenye nyumba za fito na maturubai, na kando ya bulla bwawa la kuchimbwa ambalo ndilo lililokuwa maji yao, yetu, mbuzi wao na kila kiumbe chenye kiu upande ule.

Katika bulla ile nilikuwa na shoga. Alinizidi umri kwa mbali, na kwa heshima nilimwita eedo, yaani shangazi, lakini shoga alikuwa shoga. Kabla ya ukame aliuza maziwa ya ngamia kando ya barabara, na Kisomali changu chote nilikinyonya hapo, kikombe kwa kikombe. Alikuwa na ulimi, yule mama! Kila akiniona na bunduki begani huniambia, abaayo, dada yangu, hicho chuma hakitakukanda mgongo uzeeni, tafuta mume. Nami humjibu, nimpate wa wapi, wa kwako umeshamchakaza. Hapo hucheka mpaka ashike nguzo.

Mumewe alikuwa askari wa akiba, hawa raia wanaopewa bunduki na serikali walinde vijiji vyao. Ya kwake ilikuwa ile ya kikoloni, nzito, ya kukoki kila risasi, na kitako chake alikifunga kwa ngozi ya mbuzi. Alikuwa mrefu, mkavu kama fito, ndevu kazipaka hina. Ujanani alisifika kwa mbio. Walisema alikuwa akimkimbiza ngamia aliyetoroka mpaka ngamia achoke yeye asichoke. Mwenyewe hakujisifu, mkewe ndiye aliyemsifu, kisha akaharibu: huyu alikuwa upepo, siku hizi hata kuku anamshinda. Mzee huinama akatabasamu, akajimiminia chai.

Basi ukaja ukame. Sitaki kueleza sana, maana kila mtu ameona picha, na picha hazinuki. Walianza ng'ombe, wakafuata kondoo, mwisho mbuzi, ambao tulidhani hawafi. Njia ya kwenda Masalani ilijaa mizoga pande zote mbili, mpaka dereva wetu akawa anafunga madirisha na joto lote lile. Pale bulla walikuwa wakichemsha mahindi matupu bila chumvi. Nilipokuwa nikimpelekea eedo unga kutoka kwenye mgao wangu, alikuwa akiugawa hapo hapo kwa majirani mbele ya macho yangu, nami nikamkasirikia, nikamwambia nimekuletea wewe si kijiji kizima. Akaniuliza, nitapikaje peke yangu, moshi nitauficha wapi?

Alikuwa amebaki mifupa na macho, wallahi. Lakini utani hakuuacha.

Asubuhi moja tukasikia kilio kutoka upande wa bwawa. Si kile cha msiba, kilikuwa cha wanawake wanaokimbia. Tulipofika tukawakuta wamemweka juu ya mkeka, wamembeba watu wanne, na mitungi ya manjano imetapakaa njia nzima. Alikuwa eedo. Nyati alikuwa amelala kwenye kichaka cha mathenge, ile miti ya miiba iliyovamia kila penye unyevu huku kwetu, hatua chache tu kutoka pale wanapochotea. Eedo aliinama kuchota, akamtokea. Pembe iliingia pajani ikapanda hadi tumboni.

Nilivua shuka niliyojifunga kichwani nikaikandamiza pale penye jeraha kwa mikono yote miwili. Damu ilikuwa ya moto. Yeye hakupiga kelele. Alinitazama mimi, halafu akamtafuta mumewe kwa macho, akampata. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya watu na bunduki yake, uso umekuwa rangi ya jivu. Wakatazamana. Mimi kwa ujinga wangu nikaona ni mshtuko tu.

Gari letu lilikuwepo, Mungu mkubwa. Tukamlaza nyuma juu ya magodoro yetu, akapanda dereva, mwenzangu mmoja wa kumshika, na mwanamke jirani, waende hospitalini Masalani. Nikamwambia mzee, panda, adeer, panda upesi. Adeer ni baba mdogo, ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Akatikisa kichwa. Akasema yeye anabaki amtafute nyati.

Niliudhika, sikufichi. Mke wako anakata roho ndani ya gari na wewe unataka kisasi na mnyama? Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya watu, na wazee wakainamisha macho kwa kuwa mwanamke hamsemeshi mwanamume vile hadharani. Gari likaondoka na vumbi lake, naye akabaki amesimama pale pale akikaza mkanda wa bunduki.

Kwenye redio wakubwa walitoa amri mbili. Nyati auawe leo, maana amejeruhiwa au ana wazimu na ataua wengine, na bulla nzima sasa haina maji. Ya pili, mzoga uchomwe. Nyama yoyote isiliwe, watu wasije wakazoea. Nikasema sawa, afande. Ningesema nini? Wenzangu walikuwa wameondoka na gari, na kumfuata nyati peke yako kichakani ni kujichimbia kaburi, kwa hiyo nikamchukua huyo huyo mzee niliyekuwa nimetoka kumtukana.

Nyayo zilikuwa wazi kabisa mchangani, na zilinisomea habari nisiyoitaka. Kwato tatu zilikanyaga vizuri. Ya nne, ya nyuma kulia, ilikuwa ikiburuzwa, ikichora mstari. Hapa na pale paliachwa matone, si damu safi bali usaha, na nzi. Mnyama huyu hakuwa na wazimu. Alikuwa na jeraha la siku kadhaa, jeraha la mtu.

Hapo nikapanda mori. Nilikuwa nikitembea na kulaani. Nilisema ni wale wahuni wa mjini, wanaokuja na pikipiki na bunduki za magendo, wanafyatua kutoka maili nzima wapate kujisifu, mnyama akikimbia wanawasha pikipiki wanarudi kula miraa. Nikasema mtu anayepiga mbali bila kumfuata mnyama wake ni mwuaji, na kama eedo akifa mimi mwenyewe nitamtafuta mtu huyo mpaka nimpate. Niliyasema hayo kwa sauti ya chini kwa sababu ya kichaka, lakini niliyasema, na mzee alikuwa mbele yangu anasikia kila neno. Mgongo wake haukugeuka.

Jua likawa utosini. Mathenge ni mmea mbaya wa kuwindia. Huoni mbele, huoni kando, miiba inakushika nguo kama mdai, na chini kumetanda majani makavu yanayolia kila unapokanyaga. Humo ndani mita mia tatu za mkufunzi wangu hazina maana. Ukimwona nyati umbali wa kitanda chako na mlango, shukuru kwamba umemwona.

Tulimnusa kabla ya kumwona. Harufu ya kidonda kilichooza. Mzee akainua mkono, nikasimama. Alikuwa mbele yetu, amejiegemeza kwenye shina, kichwa chini, kundi la nzi mgongoni, na akatuona wakati ule ule. Akaja. Kwa miguu mitatu alikuja, na bado alikuja kwa kasi ambayo sitaisahau. Nilipiga kifuani, nikapiga tena, akapiga magoti, akaanguka ubavu, pembe zikachimba mchanga karibu nami kiasi kwamba mchanga ulinirukia usoni.

Na mimi sijavuta pumzi, mzee huyo, kanipita mbio! Ametupa bunduki yake chini, kisu mkononi, anamwendea mnyama ambaye bado anatupa miguu. Nilimpigia ukelele arudi, maana nyati aliyelala huweza kuinuka akakumaliza, hilo hata kuruta analijua. Hakusikia. Akapiga goti shingoni, akamgeuza kichwa, akasema bismillahi kwa sauti kubwa, akakata. Damu ikatoka kwa kuruka, damu ya kiumbe kilicho hai. Halafu akaketi pale pale kando yake, akatweta kama mtu aliyetoka safari ndefu, na hatua zenyewe hazikufika hata kumi.

Nilimkemea. Nikamwambia umerukwa na akili, adeer, nyama hii ni ya kuchomwa, umemchinjia nani? Nikazunguka nikalitazame lile jeraha la nyuma.

Lilikuwa chini, juu kidogo ya goti la nyuma. Mfupa ulikuwa umepasuka, nyama imeoza pande zote. Nikaligusa kwa kijiti, kijiti kikagonga chuma. Nilishangaa. Nimeona majeraha ya wawindaji wengi, wazuri na wabaya. Mbaya hupiga tumboni kwa kutojua, au hukosa kabisa. Lakini hili halikuwa la kukosa. Lilikuwa safi, katikati ya mguu, la mtu mwenye jicho.

"Adeer," nikasema, "nani anampiga nyati mguuni?"

Alikuwa akifuta kisu chake mchangani, upande mmoja, halafu upande wa pili. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa huku, p ikiwa b, na ngeli azitakavyo yeye.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiyo nilibiga."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nilibiga chini, abaayo, isikufe. Ikikufa kabla ya kisu ni mzoga. Watu yangu hawawezi kula mzoga."

Niliketi. Akanieleza polepole, macho kwenye kile kisu. Babake alimfundisha hivyo, enzi watu wa huku walipokuwa wakiwinda wakati wa njaa: unampiga mnyama mguu ili umfunge, usimuue, halafu unakimbia na kisu umkute bado yuko hai, utaje jina la Mungu umchinje. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi ujanani, kwa swala, kwa choroa, hata kwa nyati. Kila mtu alimjua kwa hilo. Wengine walikuwa na shabaha kumshinda, lakini nyama yao ilioza kwa sababu walipofika ilikuwa imeshakufa. Yeye alifika.

Waswahili twasema mwenye njaa hana miiko. Uongo mtupu. Huyu alikuwa na njaa, na bulla nzima nyuma yake ina njaa, na miiko hakuiacha. Ndiyo iliyotuponza.

Wiki moja kabla, akaendelea, alimwona nyati huyu peke yake kwenye uwanda nyuma ya bulla, na akafikiri juu ya watoto wa majirani, na juu ya mkewe anayegawa unga wa watu. Akamlenga mguu. Akampata pale pale alipotaka. Nyati akakaa chini kama mbwa. Mzee akatoka mbio na kisu.

Nikamwuliza alikuwa umbali gani. Akaangaza kati ya miiba, akanionyesha kwa kidevu mgunga mmoja uliosimama peke yake nje ya kichaka. Kutoka hapa mpaka pale, akasema.

Hasira ikanirudia upya. "Pale si mbali!" nikamwambia. "Kuruta wa juzi angempiga moyo kutoka pale."

"Kwa risasi si mbali," akasema. "Mimi sikuhesabu ya risasi. Nilihesabu ya miguu. Mbali ni bale huwezi kufika kama roho bado iko."

Na hakufika. Alikimbia nusu ya njia kifua kikakataa. Akapiga magoti. Akainuka, akakimbia tena, mara hii ikawa ni kutembea. Nyati alikuwa akimtazama. Alipokaribia kiasi cha kuona kope zake, mnyama akainuka kwa miguu mitatu, akaenda zake bila haraka, naye mzee akabaki amesimama na kisu, hawezi hata kunyanyua bunduki kwa kuchoka. Alimfuata mpaka jua likatua. Kesho yake akamfuata tena, nyayo zikaelekea mtoni, akamshukuru Mungu akidhani kaenda kufia huko. Kumbe alizunguka. Mnyama mgonjwa hurudi kwenye maji yaliyo karibu.

Hakumwambia mtu. Angetuambia sisi, tungemnyang'anya bunduki na kumfunga, na hilo ni kweli, tungefanya. Alimwambia mkewe peke yake, kwa sababu mkewe alikuwa amesikia mlio. Aliposikia mlio, eedo alibandika sufuria ya maji jikoni. Ya nyama. Alijua mumewe hakosi. Mzee aliporudi mikono mitupu aliikuta ile sufuria bado iko motoni, maji yamechemka mpaka yamekauka, na mkewe ameketi kando yake. Hakumlaumu. Alichukua mtungi akasema itabidi kesho achote mengine.

Nilikuwa na neno mdomoni. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, Mungu amrehemu, alitufundisha tukiwa wadogo kwamba mwindaji akitaja jina la Mungu wakati wa kuachia, mnyama akifa kabla ya kufikiwa, nyama ni halali. Yaani angeweza kumpiga moyo. Angesema bismillahi na kidole chake kwenye kifyatulio, ikaisha. Pale pale, kwa risasi moja, bila mbio. Neno hilo nililikuta ulimini, na mimi ulimi wangu hauna breki, kila mtu anajua. Nikamtazama mzee na kisu chake. Nikalimeza. Mpaka leo liko tumboni, na silitemi kwa mtu wa bulla ile.

Watu walikuwa wameanza kuja. Walisikia milio, wakafuata njia yetu, wanawake na wazee, na mabeseni wameyaficha chini ya shuka. Walisimama kwa mbali kidogo wakimtazama nyati, halafu wakanitazama mimi na sare yangu. Hakuna aliyeomba. Afadhali wangeomba, ningepata pa kuwakaripia. Mmoja aliuliza tu kwa sauti ndogo, amechinjwa? Mzee akasema amechinjwa.

Niliwaambia mimi naenda kukata kuni za kuchomea mzoga, na mathenge ni magumu kukata, nitachelewa, na ule mguu uliooza asiuguse mtu. Nikawapa kisogo. Jioni nilichoma ngozi, mifupa, matumbo na ule mguu. Moshi ulipanda ukaonekana kila mahali, na wakubwa wangu walitaka moshi. Kwa hilo wanifukuze wakitaka.

Gari lilirudi, dereva akasema eedo amefika yu hai, wamemshona, lakini daktari hakupenda alichokiona ndani. Kulipokucha tukaenda, mimi, dereva na mzee. Mzee alikuwa na chupa ya chai ameikumbatia njia nzima. Sikuuliza ina nini. Kila gari liliporuka shimo aliikaza kifuani.

Wodini tuliwakuta kaka wawili wa eedo, wamefika na lori kutoka Hulugho, wanaume wenye mapana na makasiriko. Kwa Wasomali damu ina mwenyewe. Wakijua mtu ndiye aliyesababisha, ukoo wake utaitwa chini ya mti, na mambo hayaishi kwa maneno. Walikuwa wameshasikia kwamba nyati alikuwa na jeraha, wakamwuliza dada yao ni nani aliyemjeruhi. Eedo alikuwa mweupe kama majani ya mahindi yaliyokauka, midomo imepasuka. Akafumbua macho. Alimwona mumewe mlangoni, na akaniona mimi.

Akawaambia ni watu wa mjini, wenye pikipiki.

Kaka mkubwa akanigeukia. Mimi ndimi serikali. Akaniuliza kwa Kiswahili, ni kweli, askari? Nikamwambia kwamba pikipiki sikuiona, lakini risasi niliiona mwenyewe, ilikuwa imekaa ndani ya mguu siku nyingi, na aliyeipiga hatapiga tena. Akanitazama sana. Mwisho wakatoka kwenda kuswali.

Tulipobaki watatu, mzee akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua chupa, akamimina mchuzi kwenye kifuniko. Harufu yake ikajaa wodi nzima, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakageuza shingo. Eedo alikitazama kile kifuniko. Walisema kwa lugha yao, na kila neno nililielewa kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

"Nani alimchinja?" akauliza.

"Mimi."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Basi safari hii ulifika," akasema.

Hakukuwa na kejeli humo. Ningemjua akikejeli, nimekejeliwa naye miaka. Alisema vile unavyomwambia mtu aliyerudi nyumbani. Mzee akamnywesha, na baada ya mafunda machache eedo akakisukuma kifuniko kuelekea mdomoni mwa mumewe, na wewe kunywa, tangu lini hujala? Akanywa. Alikunywa akilia, machozi yakishuka kwenye ndevu zile nyekundu mpaka ndani ya mchuzi, na mimi nikatoka nje nikasimama juani kwa sababu sikuwa na pa kuweka uso wangu.

Eedo alikufa siku ya pili yake kabla ya adhuhuri, wakisubiri gari la kumpeleka Garissa. Mzee alikwenda mwenyewe kwa chifu akarudisha ile bunduki na risasi zake, akasema macho yameingia ukungu. Macho yake hayakuwa na kitu. Chifu akampa mkono wa rambirambi, akaiweka bunduki pembeni.

Kaka zake eedo walitaka kumchukua kwa lori lao wakamzike Hulugho, kwenye makaburi ya ukoo wao, alikolala mama yao. Ilikuwa haki yao kuomba, na wazee wa bulla walikuwa karibu kukubali. Mzee alisikiliza mpaka wakamaliza. Halafu akasimama, akaonyesha kwa kidevu mahali palipo wazi nyuma ya zizi la mbuzi, lililokuwa tupu siku hizo.

"Hulugho ni mbali," akawaambia. "Mzikeni pale. Pale nafika."